Mtoto wa Mgongoni

Kazi ya kudarizi kitambaa cha altare niliiomba mwenyewe. Ilikuwa Kwaresima, miaka ya themanini ikianza, hapa Bunia. Mwanangu alikuwa amekufa kwa surua kabla ya Krismasi, na hatukuwahi kumpiga picha hata moja. Nilimwambia Mungu nitamtengenezea kitambaa, yeye aniache nimweke mtoto humo.

Basi nikamdarizi Mama Maria akienda sokoni, kikapu cha samaki wa Mahagi-Port kichwani, Yesu mgongoni amefungwa kwa kitenge. Uso wa mtoto ulikuwa wa mwanangu, na lile sikio lake moja lililojikunja. Uzi wa rangi dada yangu aliniletea kutoka Ariwara. Nilishona huku nasali, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi nikapata usingizi.

Kiongozi wa kina mama wa parokia, mke wa mwenye duka, alitembea kanisani kama vile paa alilinunua yeye. Alikitazama kitambaa, akakunja pua mbele ya wenzangu.

"Weye unafikiri Mama wa Yesu alikuwa muuza samaki? Mutoto anabebwa mbele, sawa kwenye sanamu. Huyu iko sawa mama ya shamba tu."

"Mama, siye wote tulibebwa mugongoni," nikamjibu. "Hata weye."

Wenzangu wakainamisha vichwa, waoga wakubwa, wale wale waliokuja kulia msibani kwangu. Yeye akakikunja kitambaa, akasema anaenda kukifua.

Asubuhi ya Pasaka nilikikuta kimetandikwa juu ya altare, kimetiwa wanga na kupigwa pasi. Maria alikuwepo na kikapu chake. Mgongo ulikuwa mtupu. Yule kiongozi alikuwa amemfumua mwanangu kabisa kwa wembe. Nilipitisha kidole pale, na hata matundu ya sindano sikuyasikia, wanga ulikuwa umeyaziba.

Sikulia. Nilikivuta kitambaa, mishumaa ikaanguka, nikatoka nacho watu wakinitazama. Kiongozi alinifuata mpaka mlangoni.

"Unaiba kitu ya Mungu."

"Mwizi ni weye," nikamwambia, "na sitakusamehe."

Nilimshona mwanangu upya. Mwaka uliofuata padri alikuja mwenyewe kukiomba kitambaa. Nilimpa kahawa, kitambaa sikumpa. Yule mama alipokufa sikwenda msibani. Kama Mungu anakitaka, nyumba yangu anaijua.