Waya Mbili Kwenye Lango la Ndiva

Kijijini kwetu, milimani juu ya Same, maji ya kumwagilia hayana mwenyewe, yana zamu. Usiku kucha hujaza ndiva, bwawa la udongo walilochimba babu zetu, na asubuhi hufunguliwa kwa mwenye zamu. Mwanga wa jua ukishuka mlima wa ng'ambo hadi ukagusa jiwe kubwa, zamu ya kwanza imekwisha. Iliyopita hairudi hata ukiishtaki, na sisi Wapare kwa kushtaki hatujambo.

Ugomvi wa nani kazidisha muda ndio ulionitia kishawishi. Nimetengeneza redio maisha yangu yote, na uzeeni nikajifunza, kwa kutazama video kwenye simu, kuandikia maagizo bodi ndogo ya kompyuta isiyozidi ukubwa wa kiberiti. Nikaiunga na kibodi iliyochakaa na mota ya kuinua lango la bati. Mwenye zamu angebonyeza namba yake, lango lingefunguka, na muda ukiisha lingejifunga lenyewe. Kamati ya maji ilikuja kwangu ikaona inafanya kazi, ikaniruhusu niifunge.

Kisha kibodi ile ikaanza kuruka namba. Nilishuka Same mjini nikapata nyingine kwa muuza mitumba karibu na stendi, nikakata kichwa cha waya wake. Ndani mlikuwa na waya nne: ya umeme, ya ethi inayorudisha umeme, na mbili za habari, moja ya kubeba namba na nyingine ya kupiga mapigo ili bodi ijue lini isome. Kila kiwanda kina rangi zake. Fundi hupima kwanza. Mimi nilifuata rangi za kibodi ya zamani, nyeupe kwa nyeupe, kijani kwa kijani, nikaziunga kwa risasi ya kulehemu palepale kwenye ukingo wa ndiva. Mita ya kupimia waya ilikuwa mfukoni mwangu.

Zamu ya asubuhi ile ilikuwa ya shemeji yangu, mjane wa mdogo wangu. Maharage yake yalikuwa kwenye maua na mvua ilikuwa imetukimbia. Alinawa tope mfereji ulipoanzia, akabonyeza namba yake. Taa ya kibodi ikawaka. Lango halikusogea.

"Bonyeza tena, shemeji."

Akabonyeza. Kimya.

"Fundi, mashine yako inasali kwanza?" akauliza mwenye zamu ya pili, aliyekuwa ameshafika na jembe begani.

"Kama inasali, basi ni Msabato aliyekosea siku, leo haifanyi kazi," mwingine akasema, nao wakacheka.

Msimamizi wa ndiva, mzee mwenzangu, hakucheka. Alikuwa anatazama jiwe. "Legeza nati ufungue kwa mkono," aliniambia.

"Dakika mbili tu."

Nilisema hivyo mara tatu. Nilizima, nikawasha, nikatikisa kila kiungo. Mwanga wa jua uliteremka ng'ambo, ukafika kwenye vichaka vilivyo juu ya jiwe. Shemeji alisimama na jembe lake, na kila nilipoinua macho nilimkuta ananitazama mikono. Spana ilikuwa miguuni pangu. Kuiokota kungekuwa kukiri mbele ya watu wote.

Jua liligusa jiwe.

"Zamu imepita," msimamizi akasema. "Kimeharibika nini?"

Nikajibu, "Shemeji kabonyeza na mikono yenye maji. Kibodi imelowa."

Shemeji akaitazama mikono yake. "Nisamehe, shemeji," akasema. "Sikujua."

Mwenye zamu ya pili akaokota spana, akafungua lango kwa mkono.

Desturi yetu ni kwamba anayeharibu kitu cha ndiva hukosa na zamu inayofuata. Maharage yasingeweza kungoja kiasi hicho. Nililijua hilo wakati ninasema.

Mchana uleule, nyumbani, nilichukua kile kichwa cha waya nilichokikata, nikakipima pamoja na kipande cha waya kilichobaki nacho. Nyeupe na kijani zilikuwa zimepishana na zile za kibodi ya zamani. Nilikuwa nimepeleka mapigo palipotakiwa namba. Kibodi haikuwa na tone la maji.

Hiyo ilikuwa Jumatano. Nyumba ya shemeji iko umbali wa kuitana. Alhamisi nilifika hadi kwenye uzio wake, nikaona majani ya maharage yamelala, nikarudi. Ijumaa na Jumamosi sikutoka.

Jumapili baada ya ibada kamati ilikaa. Msimamizi alieleza yaliyotokea, akamwita shemeji. Akasimama, akaanza kuomba radhi kwa mara ya pili. Sikuweza kumsikiliza akimaliza.

"Si yeye," nikasema. "Niliunga waya mbili vibaya, sikupima. Mikono yake haina kosa."

Shemeji peke yake ndiye aliyeuliza.

"Ulijua lini?"

Jibu la "leo asubuhi" lilinifika mdomoni, na hakuna ambaye angelipinga.

"Jumatano, mchana."

"Jumatano," akasema. "Na mimi nimewakanya wajukuu wasiguse hata redio kwa mikono yenye maji, wasije wakaharibu kama mimi." Kisha akaketi.

Kamati ilichukua zamu yangu ya kesho yake ikampa yeye, na yangu iliyofuata pia. Maji yalifika shambani kwake, lakini nusu ya maua yalikuwa yameshaanguka, na ua la maharage lililoanguka halirudi kwa kumwagiliwa. Mwaka huo alivuna mistari ya chini tu, palipobaki unyevu. Tukikutana njiani hunisalimia vizuri. Tangu siku ile hajaniita shemeji, ananiita fundi.