Tumbawe Kwenye Josho

Wadudu wale niliwaona Jumapili moja asubuhi: weupe, wembamba, wenye manyoya mgongoni, hawafiki urefu wa punje ya mchele. Walikuwa wamejificha chini ya tumbawe langu la rangi ya chungwa, wakilila polepole, na walipopita palibaki mfupa mtupu. Mengine manne yalikuwa yamekwisha kufa. Nilikuwa nimeamua kwamba hili la mwisho likifa, nitauza tangi la kioo lililo sebuleni, pampu na taa, niache kuchanganya chumvi ndooni mamia ya kilomita kutoka baharini.

Tiba yake ni rahisi kueleza. Unachota maji ya tangi, unatia dawa ya kahawia, unalitumbukiza tumbawe na kulitikisa. Wadudu wanaanguka. Mayai hayaanguki, kwa hiyo baada ya wiki unarudia. Nilikuwa nimerudia mara tano. Hata kurasa za riwaya niliyokuwa nikiandika zilikuwa na alama za dole gumba, za kahawia, kama za mtu aliyekamatwa kwa kosa fulani.

Baba alikuwa amehamia kwangu Nakuru kutoka Kuresoi baada ya kupasuliwa nyonga. Alinitazama wiki zote tano. Ya sita akacheka.

"Kumbe ni josho! Si ungesema? Ng'ombe wangu walikuwa wanaoga kila Alhamisi. Leo niachie mimi."

Uchovu ulikubali kabla yangu. Nikamwachia chupa, nikaenda Njoro kuwasomea wanafunzi sura mpya. Niliporudi alasiri, tumbawe lilikuwa mahali pake, limesinyaa, linatoa ute kama kamasi.

"Baba, umetumia maji gani?"

"Ya mvua. Ile safi, ya tangi ya nje."

"Lakini hii kitu inaishi kwa chumvi!"

"Tangu lini josho likatiwa chumvi?" Kisha akainama hadi pua ikagusa kioo. "Nimeiua?"

Nikainama kando yake. Hasira inataka nguvu, nami sikuwa nazo.

Kufikia Jumamosi weupe ulikuwa umelienea karibu lote. Ni kwenye ncha moja tu, pana kama ukucha, ambapo rangi ilikuwa imebaki na vinywa vidogo vilikuwa bado vinafunguka. Nikaleta koleo na bakuli la maji ya tangi.

"Shika hapa, Baba. Usiachilie."

Alishika kama anayemshika ndama anayekatwa pembe, macho kando. Nikakata. Kisha akavaa miwani, akaomba sindano, akaanza kukwangua mayai, moja baada ya jingine.

"Yamebaki mangapi?" akaniuliza.

"Mawili. Hapo chini, kushoto."

"Naona moja."

"Angalia tena."

Nilikibandika kipande juu ya jiwe, kile kikubwa nikakitupa. Miezi mitatu imepita. Kipande hakijakua, hakijafa pia. Mtu mmoja aliyesikia kwamba huenda nikauza tangi amepiga simu mara mbili. Mara zote mbili nimemwambia asubiri kidogo.