Nilitoboa nyasi mwezi wa tano hapa Minnesota: faida, hasara na kilichoota

Wakuu, heshima kwenu nyote, wa nyumbani na wa ughaibuni.

Nakaa Lakeville, kusini mwa Twin Cities. Ninachosimulia nimekiona kwa macho yangu, asiyeamini aje nimtembeze uani.

Nyumba yetu ni ya juzi juzi tu. Wajenzi waliukandamiza udongo na makatapila yao, wakatandika nyasi juu kama zulia, wakaondoka. Mvua ikinyesha maji yanatuama. Jua likiwaka ardhi inakuwa sakafu, hata bisibisi haiingii. Nimejaribu.

Mimi napenda kuchunguza vitu (wife anasema ni ubishi tu). Nikaanza kusoma habari za ku-aerate lawn. Yaani unapitisha mashine yenye meno yenye tundu, yanachomoa vipande vya udongo saizi ya kidole na kuvitema juu ya nyasi. Mashimo yanayobaki yanaingiza hewa na maji mpaka kwenye mizizi.

Ila kwanza niwaeleze hali ya nyumbani, maana hapo ndipo penye habari.

Mama mkwe alikuwa amefika kutoka Lushoto kutusaidia na mtoto mchanga. Tangu afike alikuwa hali kitu. Vijiko viwili, "nimeshiba." Tulimpikia wali, ndizi, kuku, spinachi ya pakiti. Anashukuru, anasogeza sahani.

Akaanza kukonda. Daktari akampima, vipimo vyote safi. Wife akawa anakwenda kulia garaji ili mama yake asimsikie. Tukaanza kuulizia tiketi ya kumrudisha, na niliogopa, wakuu. Niliogopa tutamkabidhi kwa ndugu zake akiwa mifupa.

Kumuuliza mwenyewe siwezi. Yeye na mimi tunaheshimiana kwa mbali, si mnajua mambo ya ukwe. Akitaka kuniambia kitu anamwambia binti yake, hata kama nimesimama palepale. Na mimi hivyo hivyo.

Basi nikahamishia akili kwenye nyasi. Huko angalau kulikuwa na kitu ninachoweza kufanya.

Nikaenda kukodi mashine. Mwanamke wa dukani akaniuliza, "In spring? Most people wait for fall." Yaani wengi husubiri mpaka joto lipungue. Nikajifanya sijasikia.

Jamani ile mashine! Inakuburuta kama ng'ombe aliyeona majani. Nilikuwa nimemwagilia maji jana yake, nikapita uani na mbele ya nyumba mara mbili, mgongo ukakoma. Binti yangu mkubwa, Neema, akachungulia mlangoni akasema, "Daddy, you broke the grass."

Faida niliziona haraka. Mvua iliyofuata iliingia yote ardhini, hakuna dimbwi. Udongo ukalainika, nyasi zikakolea kijani. Vile vipande usivizoe, viache, vinamomonyoka vyenyewe na kurudi chini.

Hasara sasa. Uani panatisha kwa muda, na ardhi ikiwa kavu meno hayazami. Kubwa zaidi ni kwamba mbegu za magugu zilizolala chini unaziamsha na kuzifungulia mlango, na spring ndiyo saa yake ya kuota. Kumbe ndiyo maana watu wanasubiri!

Karibu na driveway, njia ya gari mbele ya nyumba, pale tunaporundika theluji, nyasi zilishakufa pakabaki kipara. Hapo yakaota majani yenye mashina mekundu kwa chini. Mengi balaa. Nikasoma, nikaambiwa watu wa huku wanayaita pigweed na hawayapendi hata kidogo. Nikanunua dawa.

Jumamosi nikajitwika bomba la dawa mgongoni, nikazunguka mbele ya nyumba. Nikamkuta Mama ameinama pale kwenye kipara, amekunja khanga, anachuma.

"Baba Neema."

Hajawahi kuniita.

"Shikamoo Mama."

"Marahaba. Hiyo dawa ya nini?"

"Ya kuua magugu, Mama."

"Magugu gani? Huu si mchicha?" Akaniinulia fungu la majani. "Mnanilisha majani ya kwenye mfuko yanayonuka friji, halafu mchicha mnaupiga sumu mlangoni! Umeshapiga?"

"Bado, Mama. Sijawahi kupiga dawa yoyote hapa."

"Basi karudishe huko ulikoitoa."

Nikarudisha mbio, nafikiri niliangusha na ufagio.

Akaupika mwenyewe, akatia karanga, akasonga ugali. Mimi nikabaki garaji kumpisha ale kwa raha zake. Baadaye wife akaja macho mekundu.

"Amemaliza," akasema. "Anasonga mwingine."

Nikakaa juu ya ndoo nikacheka, halafu nikalia kidogo. Sioni aibu kusema.

Nilichojifunza: ukitaka nyasi nzuri huku, subiri mwisho wa mwezi wa nane mpaka wa tisa, magugu mengi yanakuwa yamechoka. Udongo wako ukiwa laini tayari, huna haja ya kujitesa. Na usile kitu cha uani kama hukijui vizuri au kama pamepigwa dawa, msije mkanilaumu.

Habari za tiketi tuliacha wiki ileile. Kile kipara sikipitishii mower ya nyasi tena. Jirani anaangalia kwa jicho la pembeni, mimi nampungia mkono tu.

Sasa wakuu, mwenye ujuzi anisaidie hapa chini. Mbegu za mchicha huu zinavumilia baridi ya huku mpaka mwakani, au nizikusanye nizihifadhi ndani? Mama anataka kujua. Ameniuliza mimi mwenyewe.