Biskuti Asizoonja Serafina

Nakumbuka siku moja, mwanangu, mama yangu alinishika taya pale uani kwetu Rusimbi, akanifunua mdomo na kunikagua ulimi kama mtu anayenunua mbuzi. Ulimi ulikuwa mwekundu.

"Umekula nini, na kwa nani?"

Nikasema ni biskuti za Serafina.

Ilikuwa miaka ile wakimbizi wa Burundi wakishuka ufukweni mwa ziwa kwa mitumbwi. Serafina alikuja peke yake, akapata chumba kwa jirani, akawa anafua nguo za watu. Alichopata kilikwisha kwenye unga wa ngano na sukari. Alasiri alituita watoto tupike naye. Rangi nyekundu tulichemsha maua ya choya, kijani tulikamua mchicha, ya machungwa ilitoka kwenye mawese. Tulikata donge kwa mdomo wa kopo, tukazipanga biskuti kwenye sufuria, makaa chini, makaa juu ya mfuniko. Nimekula kwenye harusi nyingi, lakini utamu ule sijauona tena.

"Na yeye anaonja?" mama akauliza.

"Haonji."

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Kwetu sisi Waha anayetoa ndiye anayeonja kwanza, iwe pombe, iwe togwa, ili mgeni ajue hakuna sumu. Asiyeonja chake ana lake jambo. Tena mama aliponihoji zaidi, akasikia kwamba Serafina hutuuliza kila siku kama tumeona watoto wageni, na kwamba biskuti nyingine huwapa wavuvi wawapelekee watoto wa kijiji cha Ilagala. Bure kabisa. Nani hutoa sukari bure?

Lisemwalo lipo, wakasema majirani, na kama halipo laja. Kufika jioni Serafina alikwisha kuwa mwizi wa watoto. Nami simlaumu mama kwa kuogopa. Mzazi akiacha kushuku, nani atashuku kwa niaba yake?

Kesho yake mama na jirani zake wawili walimwendea. Bibi, mama yake baba, alijikongoja nyuma yao, nami nikamshika mkono. Mama alichukua biskuti nyekundu, akamnyooshea Serafina.

"Onja. Ukikataa tunakwenda kwa balozi wa nyumba kumi, akupeleke kambini leo hii."

"Dada, nisamehe. Siwezi."

"Onja."

Akaitazama sana ile biskuti. Kisha akala, kidogo kidogo, mpaka ikaisha. Mama alikuwa anamwangalia koo. Hakuanguka, hakutapika. Wale majirani wakaanza kutabasamu.

Serafina akasema taratibu, "Umwana wanje, mwanangu Gaspari, alipanda mtumbwi mwingine usiku ule tunakimbia. Niliapa sukari isipite kooni mwangu mpaka nimwone. Biskuti hizi za rangi nilikuwa nampikia yeye kule kwetu. Nilisema watoto wakizisimulia, habari zitatembea ufukweni, naye atajua mama yake yuko hapa."

Tabasamu ziliwakauka. Bibi ndiye aliyefungua kinywa, wala hakupaza sauti.

"Mlimtaka aonje. Kusema, hakuna aliyemtaka aseme. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, nanyi mmefika na kukipindua."

Baada ya hapo mama mwenyewe alibeba zile biskuti mpaka Ilagala na Kidahwe, akimuulizia Gaspari. Hatukusikia kitu. Kiangazi kilipofika Serafina alihamishiwa kambini pamoja na wenzake, na habari zake zikaishia hapo.

Lakini tangu siku ile mama alikunywa chai bila sukari. Wageni walipomshangaa, alisema, "Kiapo cha mtu tulikiangusha sisi. Acha nikibebe mpaka mtoto aonekane." Alizeeka, akaugua, tukamletea uji wenye sukari kitandani, akaugeuzia uso. Tumemzika hajaionja. Inaniuma mpaka leo, nami sijui namlilia yeye au yule mtoto.

Mwanangu, sikwambii uache kushuku. Dunia ina watu wabaya, na mimi mwenyewe hufunga mlango kwa makomeo mawili. Ila ukimshuku mtu, mkalishe, mpe maji, muulize, halafu unyamaze mpaka amalize. Kuuliza si ujinga. Ujinga ni kumlazimisha mtu akuthibitishie jambo ambalo hukutaka kulisikia kwa mdomo wake.

Mungu akulindie wanao. Na akipotea mmoja wao ugenini, Mungu amfikishe kwenye mlango wa mtu anayeuliza.