Kwa Nini Tulichagua Karonga

Siku nilipoanza kazi ya ubibi shamba pale Ifakara, mwanzoni mwa miaka ya tisini, mkuu wa kituo alinitazama viatu kabla ya kunitazama usoni. Nilikuwa nimevaa viatu vyeupe. "Karibu, binti," aliniambia. "Hivyo viweke vya kanisani. Huku miguu yako itakuwa ndani ya maji mpaka mvua ziishe." Ofisi yetu ilikuwa karibu na Kibaoni, chumba kimoja na meza mbili. Sikuizoea sana, maana muda si mrefu nikapangiwa vijiji vya Mngeta.

Kazi yenyewe ilikuwa ya baiskeli na sauti. Nilifundisha kitalu, yaani kuotesha miche ya mpunga mahali pamoja kabla ya kuihamishia kwenye majaruba, na kuipanda kwa mistari. Watu walinisikiliza kwa adabu zote, kisha wakaenda kumwaga mbegu kama bibi zao walivyomwaga. Mimi ni mbishi, sikatai. Msimu ulipofika na familia nzima kuhamia mashambani, kwenye madungu, vile vibanda vya juu ya nguzo vya kulindia ndege na nguruwe, niliwafuata huko huko. Nilipanda ngazi za dungu hili na lile nikihubiri mistari mpaka watoto wakaniita Mama Mistari.

Lakini kilichotuumiza zaidi kilikuwa mbegu. Mpunga wa bonde letu unanukia, hilo kila mtu analijua, ila miaka ile wanunuzi walianza kuukataa. Ukiupeleka mashineni kukobolewa, unatoka chenga tupu, punje zimevunjika. Ukiupika, punje nyingine zimeiva, nyingine bado zinagoma. Mbegu zilikuwa zimechanganyika, na zilichanganywa na wema. Mto ukifurika ukazoa shamba la mtu, kila nyumba ilimpelekea ungo wa mbegu. Ungo huu una mpunga mrefu, ule mfupi, wa tatu unakomaa mapema, na zote zinamwagwa shamba moja. Niliwahi kuwashauri waache desturi hiyo. Nikaulizwa kama huko kwetu watu huwa wanazikana.

Mwenyekiti wa kikundi chetu cha wakulima alikuwa Mama Siwema, mjane asiyezunguka maneno. "Bibi shamba," aliniambia, "tukikataliwa tena mimi mpunga naacha. Nitapanda mahindi, na wenzangu wananitazama mimi." Niliogopa. Kikundi kile kingevunjika, hakuna ambaye angekaa tena kunisikiliza pale Mngeta.

Wakati huo huo wilaya ikatupa nafasi ya ziara ya mafunzo, safari yetu ya kwanza nje ya nchi. Tulipewa wiki moja tu kabla ya mavuno, na mahali pa kwenda tuchague. Mkuu wa kituo alikuwa ameshachagua: Zambia, tukaone maporomoko makubwa.

"Watu hawa hawajapita hata Makambako," alisema. "Wapeleke wakaone maji yanavyoanguka. Watasimulia mpaka uzeeni."

"Mkuu, maji tunayo. Kila mwaka yanatuzolea mashamba."

"Una ubishi wewe!"

"Ndiyo, mkuu."

Nilipoitisha kikao, kumbe wakulima nao wako upande wake. Wengi walitaka maporomoko, wengine mji wenye maghorofa. Mmoja alitaka kuona mamba wanaofugwa, nikamwambia wa bure wapo mtoni, aende jioni. Walipomaliza kucheka nikawaeleza nilichosikia kwa mfanyabiashara wa Kyela: kwamba ng'ambo ya mpaka, Karonga, Malawi, mchele unaogombewa sokoni unaitwa Kilombero.

"Kilombero ipi?" Mama Siwema aliuliza.

"Hii hii yetu."

"Yaani mpunga wetu unagombewa kwa watu, sisi wenyewe tunakataliwa?" Alisimama akajifunga khanga kiunoni. "Mimi naenda kuuona. Anayetaka maporomoko atakuja kunisimulia."

Walinung'unika, lakini mikono ikanyooka. Mkuu wa kituo alitia saini kwa shingo upande. "Ukirudi mikono mitupu," alinionya, "usije kulia ofisini kwangu."

Tulipanda treni Mngeta mpaka Mbeya, tukakodi gari, tukateremka Tukuyu kwenye baridi ambayo wenzangu hawakuwahi kuionja. Pale Kasumulu, mpakani, tulivuka kwa hati za dharura, kila mtu ameshika yake kwa mikono miwili. Sokoni Karonga Mama Siwema hakumsalimia mtu. Alichota mchele, akaunusa, akatafuna punje mbichi chache. "Ni wenyewe," alisema, na machozi yakamtoka mbele ya wauzaji. Nilimwonea huruma, na nilikuwa na hasira pia.

Mwenyeji wetu alikuwa mama mkulima aliyezungumza Kiswahili cha watu wa Kyela. Nilikuwa na maswali yangu ya kitaalamu, nafasi kati ya mche na mche, siku za kupalilia. Mama Siwema alinikatiza.

"Dada yangu, samahani. Mafuriko yakimzolea jirani yako, unampa nini?"

"Ninampa mikono yangu," alijibu yule mama. "Nakwenda kumlimia. Mbegu anapewa na kikundi."

Akatupeleka kwenye shamba la mbegu la kikundi chao. Aina moja tu ya mpunga, umesimama sawa, na wanawake wanapita katikati ya mistari wakikata kila suke geni. Mbegu yote ya kijiji ilitoka pale, ya mwenye nacho na ya aliyepoteza. Wenzangu walishuka majarubani bila kuambiwa, wakaanza kukata masuke mageni pamoja na wenyeji. Mwaka mzima wa mahubiri yangu haukuwahi kufanya hivyo.

Tulirudi kupitia Chitipa na Nakonde ili tuguse na Zambia, wanawake wakanunua vitenge, wanaume wakapiga picha na bango la mpakani. Mbegu hatukubeba, maana kuivusha mpakani kunahitaji kibali. Mavuno yalipofika tulichagua suke kwa suke katika mashamba yetu wenyewe, yale marefu yanayofanana, tukapanda shamba moja la kikundi.

Msimu uliofuata mto ulizoa shamba la shemeji yake Mama Siwema, mdogo wa marehemu mumewe. Nyungo zikaanza kupita njiani. Mama Siwema alifika na jembe tu, akamwambia mbegu ataipata kwenye kikundi. Shemeji alimwita mchoyo mbele za watu, na kwa muda mrefu hakumsalimia. Nilikwenda na Mama Siwema kulima siku zote zile, kwa sababu ushauri ulikuwa wangu na matusi alikuwa anayabeba yeye. Mpunga wa jaruba la shemeji, wa mbegu ya kikundi, ulikobolewa bila chenga, na wanunuzi wakaanza kuja wenyewe mpaka Mngeta.

Sasa nimestaafu, naishi Lipangalala. Mabwana shamba vijana huja kunionyesha picha za ziara zao, na picha ni nzuri kweli. Huwa nawauliza: watu wenu walikuwa wanalilia nini kabla hamjaondoka, na hicho mlikwenda kukiona? Wengine hunywa chai yao haraka. Siwaonei, nawapenda, ila safari ya kwanza haiji mara mbili.

Mama Siwema alifariki miaka michache iliyopita. Msibani tulipika mchele wa shamba lake kwenye masufuria makubwa, na ukaiva wote kwa pamoja, kila punje imesimama peke yake. Wageni waliotoka mjini walisifu, wakauliza mchele ule umenunuliwa wapi. Shemeji yake, mzee sasa, aliweka sahani chini.

"Haukununuliwa," alisema kwa sauti ya kusikika na kila mtu. "Umetoka kwa huyu tunayemzika, aliyeninyima mbegu."