Nilipigwa nusu fainali ya ngumi, nikalala njaa kwa ajili ya pambano ambalo halipo

Wakuu, salaam kwenu. Haya yamenikuta mimi mwenyewe, siongezi chumvi hata punje.

Kwetu ni Tlawi, Mbulu. Enzi hizo mkoa wa Manyara bado mchanga. Mimi kijana wa ng'ombe na vitunguu swaumu, jioni nakwenda mjini kufundishwa ngumi na mwalimu mmoja wa sekondari, mtu wa Tanga aliyehamishiwa kwetu.

Mzee wangu hakuzitaka kabisa. Alisema ngumi ni za walevi wa mnadani.

Mungu si Athumani, nikachaguliwa timu ya taifa ya ridhaa kwenda mashindano ya kimataifa nchi jirani. Mwalimu naye akaitwa, kocha msaidizi.

Mzee akaniambia, "Nenda. Ukirudi mikono mitupu, ngumi basi. Unarudi shamba."

Pambano la kwanza nikashinda. Robo fainali nikashinda tena, jamaa aliishiwa pumzi kabisa. (Ukizoea kukimbia vilima vya kule kwetu Daudi asubuhi na baridi ile, kwingine kote ni tambarare.)

Nusu fainali nikakutana na mtu ana mikono mirefu kama ngazi. Jab, jab, jab. Majaji wote wakampa yeye.

Nililia, wakuu. Niliona kabisa jembe linaningoja.

Halafu nikajipa moyo: si kama kwenye mpira? Lazima kuna mechi ya mshindi wa tatu! Basi lazima nilinde uzito, maana asubuhi ya pambano bondia anapimwa. Wenzangu usiku wanakula kuku, mimi nanyonya limau.

Asubuhi nikavaa masweta mawili, naruka kamba koridoni hotelini. Mwalimu akatoka chumbani, mswaki mdomoni.

"Tluway, unafanya nini?"

"Shikamoo mwalimu. Nakata uzito. Leo nacheza na nani kuwania shaba?"

Akatoa mswaki.

"Wewe! Kwenye ngumi hakuna hiyo kitu. Wanaotolewa nusu fainali wote wawili wanapewa shaba. Una medali tangu jana!"

Nilimrukia nikamkumbatia, povu la dawa ya meno likaniingia sikioni. Kisha nikashuka kwenye breakfast. Yaliyotokea kwa yale mayai tuyaache.

Stendi ya Mbulu nikamkuta mzee ananisubiri.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Umeshinda?"

"Nilipigwa baba, lakini wamenipa hii."

Akaipima mkononi, akanitazama uso uliovimba.

"Wamekupa hii kwa kupigwa? Je, ungeshinda?"

Akaitia mfukoni. Ila Jumapili tukiwa kanisani nikamwona ameivaa juu ya koti, anasalimia watu mmoja mmoja hadi waliokaa nyuma. Mama akamnong'oneza aivue. Akajibu, "Subiri, wa upande ule hawajaiona."

Somo: uliza sheria za mchezo kabla hujajinyima chakula.

Nani mwingine humu aliwahi kulilia kitu kumbe tayari anacho? Shusheni visa vyenu, nipo.