Mzee Aliyefanya Mazoezi ya Kupimwa Moyo

Siku yangu ya kwanza katika kazi ya kupima mioyo niliagizwa nimchoshe mwalimu mkuu mstaafu. Nilikuwa msichana wa Runyenjes, nimelelewa kuwapisha wazee njiani, na sasa nimesimama kando ya mashine nikimwongezea mzee wa watu mlima.

Hiyo ilikuwa Embu, katika hospitali ndogo ya watu binafsi. Muuguzi Mkuu, mama asiyependa maneno mengi, alikuwa amenitoa wodini kwa sababu sikuweza kutulia. Nilikuwa nikizunguka usiku na mchana, nikifungua madirisha na kuhamisha viti. "Miguu yako haina breki," aliniambia. "Nenda kwa ile mashine ya kutembea. Huko angalau mtahangaika pamoja." Nilidhani ni adhabu. Nikaifanya kazi hiyo hadi nywele zikaingia mvi.

Kwa ninyi vijana msioijua, kazi yenyewe ilikuwa hivi. Mgonjwa hubandikwa vibandiko kifuani, vyenye nyaya za kupeleka umeme wa moyo kwenye skrini. Kisha anapanda mkanda unaozunguka, anatembea bila kufika popote. Kila baada ya dakika tatu mkanda huongeza kasi na kuinuka, kama mtu anayepanda mgongo wa kilima. Moyo wenye mshipa ulioziba hujua kujificha mgonjwa akiwa amekaa. Ukipewa kazi, ndipo mstari kwenye skrini unapoanza kupinda.

Tulikuwa na hesabu yetu. Chukua mia mbili na ishirini, toa umri wa mtu. Kinachobaki ni makadirio ya mapigo ya juu kabisa ambayo moyo wake unaweza kupiga kwa dakika. Mtu wa miaka sitini anabaki na mia moja na sitini. Hatukumfikisha mtu huko. Tulilenga asilimia themanini na tano tu, na tulisimama hata kabla ya hapo kifua kikiuma, presha ikishuka au mstari ukipinda. Tena hesabu hiyo si msahafu. Watu wawili wa rika moja wanaweza kutofautiana sana, dawa nyingine za presha hupunguza mwendo wa moyo, na kutafuna miraa huuharakisha.

Nilipohamia Meru mjini, karibu na Makutano, nikawa chini ya Daktari wa Moyo, mtu mrefu, mpole, aliyekunywa chai ikiwa imeshapoa. Alinionya mapema. "Hiyo nambari ni ya kutulinda," alisema. "Usimtajie mgonjwa. Ukimtajia, ataikimbiza."

Maneno yake yalikuwa kweli, ila nani angewazuia watu? Sisi wa milimani huku tumelelewa kwa mitihani. Mtu alikuwa akishuka kwenye mkanda, jasho bado linamtiririka, anauliza, "Nimepata ngapi?" Wanaume ndio waliozidi. Walirudi sokoni wakalinganisha mapigo kama maksi za watoto. Na ubaya mwingine ni kwamba kipimo hicho kinahitaji ulimi wa mgonjwa, aseme mwenyewe kwamba kifua kinabana. Mwanamume wa Meru amefunzwa tangu jandoni kwamba uso haukunjwi. Nilikuwa nikimwuliza kama anaumwa, naye amekuwa rangi ya majivu, ananijibu niendelee. Walinitia wazimu, nasema wazi.

Ndipo akaja Mzee M'Rukaria kutoka Mikinduri, mkulima wa miraa, pamoja na mkewe, Mama Kananu. Kwa miaka yake sitini bado alikuwa akipanda juu ya miti yake mwenyewe kuchuma, kazi ambayo wenzake walishawaachia vijana. Zahanati ya kwao ilimtuma kwetu kwa sababu ya kukosa pumzi, na wanawe walikuwa wamemwekea sharti kwamba hapandi tena mpaka hospitali iseme moyo wake ni mzima. Alifika na suti ya kanisani, na chini yake raba mpya nyeupe. Kabla hata ya kunisalimu aliuliza mashine iko wapi.

Nilipotoka kuchukua vibandiko, Mama Kananu alinivuta mkono kwenye korido.

"Sista, huyu mzee amekuwa akijitayarisha na hii test yenu," alininong'oneza. "Kila asubuhi anakimbia kutoka mtoni mpaka kwa gate. Jirani yetu alipata mia moja arobaini, sasa anataka kumpita. Akifika anashika taya, anakaa kwa boma ya ng'ombe mpaka rangi irudi. Na jana alishika akiwa ameketi tu, hajakimbia. Tafadhali asijue nimesema. Yeye anafikiria mimi huwa nimelala."

Maumivu ya moyo hupanda hadi tayani, na yakija mtu akiwa amekaa ni alama ya hatari, na mgonjwa wa namna hiyo hapandishwi kwenye mkanda hata kidogo. Angeweza kuniangukia palepale. Nilikimbia kwa Daktari wa Moyo, naye akaweka kikombe chini, akasema hapandi, analazwa leo.

Lakini mtu hafungwi kamba. Daktari alipomwuliza kuhusu maumivu, Mzee alikana yote, akasema yeye yuko tayari. Alipoelezwa kwamba hapimwi na kwamba anatakiwa kulazwa, uso wake ulisawijika.

"Kwa hivyo nimefeli kabla ya kufanya?" alisema, akachukua kofia yake.

Daktari aliitwa wodini wakati huohuo. Aliniachia neno moja tu mlangoni, kwamba nisimwache aondoke. Akitoka pale, kesho yake angekuwa juu ya mti.

Nilikuwa na siri ya mkewe ambayo sikuruhusiwa kuitumia. Nikaanza kuzunguka kile chumba, mlangoni, dirishani, kwenye mashine, tena mlangoni. Nadhani nilimzibia njia bila kukusudia. Mwishowe akaniambia niketi, namtia kizunguzungu. Nikamwambia siwezi kuketi, naogopa.

Aliweka kofia yake kwenye kiti. Kisha akaniambia nifunge mlango.

"Inauma," alisema. "Hapa, mpaka kwa taya. Tangu mvua ya mwezi wa nne. Lakini mama asijue. Akijua, vijana watajua, na mimi nitabaki mtu wa kuchunga kuku."

Hasira ilinipanda, na huruma ikaja juu yake. Watu wawili wamelala kitanda kimoja miezi yote hiyo, kila mmoja akimfichia mwenzake jambo ambalo wote wanalijua. Nikamwambia kwamba hayo maneno si yangu kuyapeleka, lakini mlango naufungua. Nikaufungua. Mama Kananu alikuwa amesimama karibu mno, hata akaingia bila kuitwa.

Mzee alitazama sakafu. Nilidhani atakana tena.

"Nimechoka, Mama Kananu," alisema.

"Najua," mkewe akamjibu. "Vua hizo raba."

Kabla hajainama, Mama Kananu alipiga magoti akamfungulia kamba mwenyewe. Nilitoka nikaagiza kitanda. Jioni hiyo ambulensi ilimpeleka Nairobi, mshipa ukazibuliwa. Alirudi kwetu miezi baadaye, tupime ni kazi gani anaiweza. Safari hii nilimpandisha, na mlima ulipoanza kuinuka sana aliinua mkono akasema basi. Hakuniuliza amepata ngapi. Miti sasa wanapanda wanawe, naye husimama chini akiwalaumu kwamba wanachuma vibaya.

Nimestaafu, nimerudi Runyenjes, lakini msidhani nimetulia. Vijana wananionyesha saa za mkononi zinazohesabu mapigo, wanajisifu wamefika juu kabisa. Nawagombeza. Nawaambia kwamba ukishindwa kusema sentensi nzima ukiwa mazoezini, punguza mwendo, na kifua kikibana, simama na uende hospitali siku hiyohiyo. Wananiitikia vizuri sana, halafu wanakimbia.

Na nyumbani nina mwanamume wangu, mwalimu mstaafu, ambaye hulima kahawa yetu mteremkoni kana kwamba mkaguzi anamtazama. Amepimwa, yuko sawa kwa umri wake, lakini kiasi hajui. Nilijaribu kumfokea. Nilijaribu kumshika mkono nihesabu mapigo, akakasirika, tukala chakula cha jioni bila kuongea. Siku hizi nalima naye mstari mmoja. Nikisikia pumzi yake imeanza kukatika, nasema mimi nimechoka. Huwa sijachoka hata kidogo. Yeye huweka jembe chini upesi, anajifuta uso, ananiambia, "Pole, mama. Basi tupumzike kwa sababu yako."